Neno "Natania" Halifuti Kosa

Mada kuhusu unyanyasaji wa ana kwa ana na wa mitandaoni, iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata, Kilwa Masoko

 

Nimepewa nafasi kati ya taarifa ya maji na taarifa ya pembejeo za korosho. Natambua kuwa wengi wenu mmekuja kwa ajili ya pembejeo, nami sitawachelewesha kupita kiasi. Lakini jambo nililotumwa kulisema lipo katika nyumba nyingi za kata hii, na kwa kawaida halisemwi mkutanini. Husemwa kisimani kwa sauti ya chini, au halisemwi kabisa.

Sisi watu wa Kusini tumelelewa katika utani. Babu humwita mjukuu wake mke, naye mjukuu humjibu kwamba hana haja na mume asiye na meno. Mabinamu hutupiana maneno ambayo mgeni akiyasikia hudhani ugomvi umeanza. Hata msibani, mtani huzuia jeneza mpaka apewe chake, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Utani huo una kanuni ambazo hakuna aliyeziandika na kila mtu anazijua. Watani hujulikana kwa ukoo na kwa kabila. Mmoja akirusha neno, mwenzake ana haki ya kulirudisha kwa ukali uleule, wala hakuna atakayemwita mtovu wa adabu. Utani hufanyika hadharani. Na siku ya shida mtani ndiye wa kwanza kufika, akachimba kaburi na kuteka maji.

Sasa tazameni neno analorushiwa binti wa kidato cha tatu anapopita kijiweni akitoka shule. Anayelirusha si mtani wake. Ni mtu mzima ambaye hata jina lake hamjui. Binti akijibu, ataambiwa hana adabu. Akinyamaza, ataambiwa anaringa, na kesho neno litaongezwa ukali. Hana haki ya kulirudisha. Baada ya wiki moja utamwona anapita njia ya nyuma, kwenye vichaka, njia ndefu na yenye hatari zaidi. Ukimuuliza yule aliyelirusha, atasema: "Mimi nilikuwa natania tu."

Ndugu wananchi, hapo ndipo pa kutambulia. Msiuhukumu mwenendo kwa kile anachosema mtendaji kwamba alikusudia. Tazameni ni nani aliyelazimika kubadili maisha yake: aliyebadili njia, aliyezima simu, aliyeacha kazi, aliyehamisha biashara yake kutoka gatini. Kisha ulizeni kama aliweza kukataa bila kuadhibiwa. Kumposa mtu kwa heshima, na kukubali jibu lake likiwa hapana, si kosa, wala hakuna sheria inayokataza vijana kupendana. Bughudha huanza pale hapana inapotamkwa na kupuuzwa, au pale ambapo mtu hathubutu hata kuitamka kwa sababu mwenzake ameshika riziki yake.

Habari ya riziki nataka niikalie kidogo. Kilwa yetu ina mialo, ina minada ya ufuta na korosho, ina vibarua wa ujenzi, ina stendi ya Nangurukuru ambapo magari ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara hupishana usiku na mchana. Kote huko wapo wenye kugawa na wapo wenye kuomba kugawiwa. Mchuuzi wa samaki anayeambiwa kwamba ndoo yake itajazwa iwapo "atamfikiria" mwenye chombo, huyo hataniwi. Mama lishe ambaye mteja humshika kiuno kila anapoweka sahani mezani, naye hacheki kwa kupenda. Anacheka kwa sababu hajauza hata nusu ya ubwabwa wake. Kondakta anayembana abiria mlangoni anajua anachokifanya, na abiria anajua, na sisi tulioketi tunaotazama dirishani tunajua pia.

Wamo pia watumishi wa umma, na nasema hivi nikiwa mmoja wao. Mtumishi anayedai mwili wa mtu ili atoe huduma, ajira, alama za mtihani au saini anatenda kosa la rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa zake hupelekwa TAKUKURU, na simu yao ya bure ni 113. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni aina ya ubaguzi. Na kwa maneno na vitendo vya udhalilishaji wa kijinsia mahali popote pale, njiani au ofisini, kipo kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Wengi hudhani sheria husubiri mpaka mtu apigwe au abakwe. Si kweli. Neno peke yake, likikusudiwa kumbughudhi mtu kijinsia, linatosha kufunguliwa shauri.

Niende kwenye simu.

Zamani mwenye neno na jirani yake alinunua kanga, akaivaa, akapita nayo uani. Jirani aliisoma, akaelewa, na wiki iliyofuata akapita na ya kwake. Ulikuwa ugomvi, siukatai, lakini mvaaji alionekana sura. Leo ujumbe hutoka kwa namba usiyoijua saa 8 za usiku, na asubuhi umekwishasomwa na watu mia mbili kabla yako. Aliyeandika amekaa pengine nyumba ya tatu kutoka kwako, na mchana mnasalimiana vizuri.

Unyanyasaji wa simu si wa wanawake na mabinti pekee. Wanaume wengi waliokwisha kunijia na jambo hili ofisini walikuja kwa sababu ya mikopo ya mtandaoni. Mtu hupakua programu, hukubali masharti bila kuyasoma, hupewa shilingi elfu hamsini ya kulipa ndani ya siku chache. Asichokijua ni kwamba katika kukubali masharti ameifungulia programu ile majina yote yaliyomo katika simu yake. Siku moja tu ya kuchelewa, jumbe zinaanza kwenda kwa mama mkwe, kwa imamu, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mtu aliyemuuzia bati mwaka juzi: "Fulani ni tapeli, amekutaja wewe kuwa mdhamini wake." Picha yake huwekwa juu ya maneno hayo. Mzee mmoja aliniambia kwamba deni lilikuwa dogo kuliko bei ya gunia la mkaa, lakini aliona haya kwenda msikitini kwa majuma matatu.

Jambo hili lilienea nchi nzima. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni, na kuwaonya wananchi wasizitumie. Kwa hiyo kabla ya kukopa, hakikisha kuwa mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na hata mkopeshaji mwenye leseni hana ruhusa ya kukuanika kwa ndugu zako. Deni ni la kulipwa, nami sitamtetea asiyelipa. Lakini njia ya kulidai ipo, na kumvunjia mtu heshima mbele ya wakwe zake haimo. Taarifa zako zikitumiwa namna hiyo, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume inayopokea malalamiko yake.

Kosa lenyewe la kumtumia mtu jumbe kwa nia ya kumtisha, kumshurutisha, kumbughudhi au kumtia simanzi limo katika kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wapo vijana ambao hawakupata kuwaza kwamba sauti ya matusi waliyoirekodi wakiwa kijiweni yaweza kuwagharimu mashamba ya baba zao.

Lakini nani husambaza? Si mtu mmoja. Mwezi Agosti 2024 video ya binti mmoja akifanyiwa ukatili na kundi la vijana ilizunguka Tanzania nzima. Tarehe 30 Septemba 2024 mahakama mjini Dodoma iliwahukumu vijana wanne kifungo cha maisha. Haki ilitendeka, na ilitendeka upesi. Hata hivyo, kati ya siku ile video ilipotoka na siku ya hukumu, ni simu ngapi hapa Kilwa zilizoipokea, na ni ngapi zilizoituma mbele? Kila aliyeituma alisema analaani. Wengine waliandika "Jamani, dunia imekwisha" chini yake, kisha wakabonyeza. Picha ile mikononi mwa mpelelezi ilikuwa ushahidi. Mikononi mwetu ilimdhalilisha binti yule upya kila ilipofunguliwa. Ukitumiwa kitu cha namna hiyo, njia yake ni moja, nayo ni polisi. Usimwoneshe hata mke wako.

Nami nina la kukiri hapa. Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi la WhatsApp la taarifa za huduma katika kijiji ambacho sitakitaja. Usiku mmoja namba ngeni iliweka humo picha ya mhudumu wa afya wa kike, ikiwa na maneno kuhusu mwili wake na wanaume aliodaiwa kuwa nao. Niliuona ujumbe ule yapata saa 5 usiku. Nikaufuta usionekane na yeyote, nikamwondoa aliyeuweka, nikalala nikiamini kwamba nimetenda wema. Asubuhi dada yule akanipigia. Alikuwa njiani kwenda kituoni na alikuwa anauhitaji ujumbe ule. Sikuwa nao. Hata namba sikuwa nimeiandika popote. Watu zaidi ya kumi walikuwa wameusoma, na kila aliyeulizwa alisema hakumbuki vizuri. Dada yule alinishukuru kwa kuufuta, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenilaumu, na shauri lake likaishia hapo. Baada ya miezi michache aliomba uhamisho, na zahanati ikabaki na mhudumu mmoja.

Kwa sababu hiyo nasisitiza: hifadhi kabla ya kufuta. Fungua ujumbe, hakikisha inaonekana namba yenyewe, maana jina ulilolihifadhi wewe halimthibitishi mtu. Hakikisha zinaonekana na tarehe na saa, kisha piga picha ya skrini, ile ambayo vijana huiita skrinshoti. Usiikate pembeni wala usiiandike chochote juu yake. Ujumbe wenyewe uache katika simu, na simu usiiuze wala usipeleke kuflashiwa mpaka upelelezi ukamilike. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ushahidi wa aina hii mahakamani. Kama bughudha ni ya njiani au kazini, daftari la shilingi mia tano linatosha: andika siku, saa, mahali, maneno yenyewe jinsi yalivyotamkwa hata kama ni machafu, na majina ya waliokuwepo. Mtu anayesema "ananisumbua kila siku" hupata shida kueleweka. Anayesema "Jumatatu saa 12 jioni penye mashine ya kusaga, mbele ya watu hawa wawili, alinishika mkono na kusema hivi" husikilizwa.

Ukiweza kufanya hivyo bila hatari, mwambie mara moja, kwa ufupi: "Sitaki. Usiniandikie tena." Kisha nyamaza, usijibu tena hata akikutukana, na ukishahifadhi, ifungie namba yake. Usimfafanulie sababu, kila sababu utakayoitoa ataijibu. Kama unamwogopa, hulazimiki kumwambia chochote; nenda moja kwa moja kutoa taarifa. Na anayekutishia kuzisambaza picha zako usipomlipa, usimlipe. Akipokea elfu ishirini leo, atarudi kwa elfu hamsini mwisho wa mwezi, kwa sababu picha bado anayo. Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na polisi wana utaratibu wa kupata taarifa za mwenye namba. Kwa upande wako pia bonyeza *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukaitwa kujibu maneno ya laini usiyoifahamu.

Jambo moja ambalo hasira hutushawishi kulifanya ni kumwanika mtuhumiwa mitandaoni, picha na jina. Sikushauri. Kwanza utamstua, naye atafuta alichoandika. Pili, ukikosea mtu, au ukiandika usichoweza kukithibitisha, wewe ndiye utakayekuwa mshtakiwa chini ya sheria ileile ya mtandao. Mzee mmoja alipata kuniuliza, "Na kijana wangu akisingiziwa?" Swali lake ni la haki. Jibu ni hilohilo: ushahidi uliotunzwa na kupelekwa panapohusika humlinda aliyeonewa, na humlinda pia aliyesingiziwa. Uvumi haumlindi yeyote.

Wazee wangu, sasa nawaomba radhi kabla ya kusema. Tuna desturi ya kumalizana nyumbani, na ni desturi nzuri. Mbuzi akila mahindi ya jirani, mpaka wa shamba ukisogea, ndugu wakigombana juu ya mikorosho ya urithi, suluhu ya wazee huokoa fedha na huokoa undugu. Lakini nimeona suluhu ambayo kijana amemsumbua binti miezi sita, wazee wakakaa, kijana akatozwa fedha, fedha zikaenda kwa baba, watu wakapeana mikono, na binti mwenyewe hakuitwa hata kuulizwa kama ameridhika. Kesho yake akamkuta yuleyule kisimani, akimcheka, kwa sababu sasa amekwisha kulipa. Suluhu ile ilimaliza jambo kati ya wanaume wawili. Kwa binti ilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Na aliyeonewa akiwa ni mtoto, yaani mwenye umri chini ya miaka 18, mambo ya faini na kupeana mikono yasizungumzwe kabisa. Taarifa itolewe. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure kwa mitandao yote, na anaweza kupiga mtoto mwenyewe, jirani au mwalimu. Likiwa limefika kwenye kubakwa au kulawitiwa, msimwogeshe wala msifue nguo zake; zifungeni katika karatasi na mumwahishe hospitali, ama Kinyonga pale Kivinje ama kituo cha afya kilicho karibu. Dawa ya kumkinga na maambukizi ya VVU ni lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa.

Kwa mambo mengine pa kuanzia ni pengi. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo maelezo huchukuliwa faraghani wala husimuliwi kaunta mbele ya waliokuja kutafuta ng'ombe. Pia kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika vijiji na kata, zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka 2017. Ukienda kutoa taarifa, nenda na mtu mmoja unayemwamini. Ukipuuzwa na wa kwanza, muulize jina lake, liandike katika daftari lilelile, kisha nenda kwa anayefuata. Na kama aliyekupuuza ni mtumishi wa Halmashauri, tafadhali njoo uniambie mimi au Mkurugenzi. Kupuuzwa hutokea, na tusipoambiwa hatuwezi kurekebisha.

Mwisho, Mwenyekiti. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata na Afisa Ustawi wa Jamii wapo nasi leo. Wamewekewa meza nyuma ya ofisi ya kata, upande wa mwembe, na watakuwapo mpaka alasiri. Meza ileile ndiyo inayotoa maelezo ya mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tumeziunganisha kwa makusudi. Atakayekwenda pale, hakuna atakayejua kama amefuata mkopo au amefuata hili nililolisema, na maofisa wameelekezwa wasiulize kwa sauti.

Nakurudishia mkutano, Mwenyekiti. Taarifa ya pembejeo inafuata.